Sikio la Jizo wa Okunagi

Nilipofika Okunagi nyumba zote zilikuwa zinawaka taa, redio zinasikika, harufu ya samaki wa kuchoma inatoka madirishani, na ndani hamna mtu hata mmoja. Serikali ya huku ndiyo iliyoweka hivyo. Kijiji kikibaki na mkazi mmoja, mafundi wanakuja wanafunga kisanduku katika kila nyumba tupu. Jioni taa na redio zinajiwasha zenyewe, na kisanduku kinapuliza harufu ya chakula, ili yule aliyebaki asijione mpweke. Mtu aliyebuni jambo hili, haki ya Mungu, hajawahi kuwa mpweke hata siku moja.

Nilikuwa nimebeba mashine mgongoni, mvua inaninyeshea, na nimeshakasirika. Mimi safari za milimani sizipendi. Nimetoka Korogwe kuja kusoma Japani nikiwa msichana, nikabaki, na miaka yote hiyo baridi ya milima yao haijanizoea wala mimi sijaizoea. Lakini Hifadhi ya Sauti, ofisi iliyoniajiri, ikikutuma, unakwenda.

Mzee alikuwa ananisubiri chini ya lango la hekalu, mwavuli mkononi, hajaufungua. Alikuwa mrefu, amekonda, koti amelifunga vifungo vyote mpaka kidevuni kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Wewe ndiye wa sauti?"

"Ndiye mimi. Naitwa Sikudhani Mbwana."

"Shikuzani-san," akasema, jina langu limemshinda ulimi, akainama. "Mimi ni Tadokoro Genzo. Pole na mvua. Nimechemsha chai, lakini nadhani imeungua."

Nikamwambia chai haiungui. Akasema yake inaungua. Nikaenda nikaonja, na kweli ilikuwa imeungua! Maji yote yalikuwa yamekauka akaongeza mengine juu ya majani yale yale. Nikanywa hivyo hivyo. Ugenini unakunywa unachopewa.

*

Sanamu nililotumwa kulifuata lilikuwa ndani ya ukumbi, nyuma ya pazia lililochakaa. Jizo. Kama hujawahi kumwona, ni mtawa mwenye kichwa kilichonyolewa na uso wa mtoto, na watu humfunga kitambaa chekundu shingoni kama bibu la kumlishia mtoto uji. Huyu alichongwa kwa mti, kimo chake kinanifika kiunoni, na moshi wa ubani ulikuwa umemfanya mweusi kabisa. Sikio la kushoto lilikuwa sikio la kawaida. La kulia lilikuwa limevimba, nene, linang'aa, kama andazi lililoumuka kupita kiasi.

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kikanitoka tu.

"Cheka tu," Mzee Genzo akasema. "Sisi tulikuwa tunamwita Sikio Nene. Hakasiriki. Bibi yangu alisema mwaka mmoja wanaume wote wa kijiji walilala na homa wakati wa kupanda mpunga, na asubuhi mashamba yakakutwa yameshapandwa. Walipoingia hapa wakamkuta Jizo miguu imejaa matope mpaka magotini."

"Wewe uliamini?"

"Nilikuwa mdogo, nilimtazama miguu kila asubuhi." Akaitupia jicho miguu ile. "Bado namtazama."

Akanieleza habari ya sikio, na hiyo ndiyo iliyokuwa imenileta. Kule kwao kila mwaka, masika yanapoanza, walichukua utomvu wa mti wa urushi, ule wanaoupaka mabakuli yang'ae, wakampaka Jizo tabaka moja kwenye sikio la kulia. Utomvu ule una maajabu yake. Hauanikwi juani. Unataka unyevu ndipo ukauke, tena taratibu, siku nyingi. Siku zile ambazo sikio lilikuwa bichi, walisema Jizo anasikia. Wanawake walikuja mmoja mmoja, mwenzake akisubiri mbali kule langoni, wakamnong'oneza. Sikio likishakauka, wanapaka tabaka la pili juu yake.

"La pili la nini?"

"La kumziba. Asije akasema."

Nikamtazama yule mzee usoni nione kama anajua. Hakujua. Hifadhi walikuwa wamemwandikia barua ya kiserikali ndefu, na nani anasoma barua ya kiserikali ndefu? Ikabidi mimi nimweleze.

Nilimwambia hivi: utomvu ukiwa mbichi, sauti ikiupiga karibu, unatikisika. Mtikisiko wenyewe mdogo sana, lakini upo. Utomvu unavyokauka, ule mtikisiko unaganda humo humo. Kwa kawaida alama yake inafutika kwa vumbi na mikono ya watu, isipokuwa kama mtu atakuja kuifunika vizuri kwa tabaka jingine gumu juu. Mashine yangu ina mwale mwembamba unaobandua tabaka moja baada ya jingine, na unavyobandua unasoma. Mashine hiyo nimeipa jina la Mmbea, kwa sababu haiwezi kusikia neno isiliseme.

Mzee Genzo aligeuka akalitazama sikio. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni.

"Kwa hiyo tulipokuwa tunamziba asiseme..."

"Ndipo mlipokuwa mnamhifadhia maneno. Ndiyo, mzee wangu."

"Lo! Wanawake wa Okunagi wangejua, wangemtia moto."

"Kuna jambo jingine," nikasema, kwa sababu sheria inanilazimisha kulisema. "Tabaka likisomwa linakuwa vumbi. Sauti inabaki kwenye mashine tu, na cha mashine ni cha Hifadhi. Wewe ndiye muumini wa mwisho wa hekalu hili. Ukisema hapana, naondoka. Ukisema ndiyo, nasoma mpaka kwenye mti."

Akaacha kucheka. Akamtazama Jizo.

"Nitasema ndiyo," akasema, "lakini kwanza nimsikie mke wangu."

*

Mke wake aliitwa Kiyono. Alikuwa amekufa majira ya baridi ya mwaka uliopita, kifua. Tangu afe sikio halijapakwa, kwa hiyo tabaka la juu kabisa lenye sauti lilikuwa la masika yake ya mwisho.

Nilimuuliza anataka kusikia nini. Watu wengi huniambia sauti tu, nataka sauti tu. Yeye alikuwa na lake.

"Tulikuwa na mtoto. Naoki. Mto ulifurika, nikaenda kufungua lango la maji ya mashamba, nikamchukua anishikie taa. Kiyono alisema mwache, nikasema ameshakuwa mkubwa." Alikuwa anaongea huku anafuta vumbi ambalo halikuwapo juu ya meza ya ubani. "Maji yalimpata yeye, mimi yaliniacha. Kiyono hakunilaumu. Hata neno moja. Alinipikia jioni ile ile. Akanipikia maisha yake yote. Na kila masika akaja hapa, akakaa muda mrefu kuliko wanawake wote, akarudi macho makavu. Nimekaa na yule mwanamke mpaka tukazeeka, Shikuzani-san, na sijui kama alinisamehe au alikuwa ananichukia kwa adabu."

"Hukumuuliza?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Ungeuliza wewe?"

Mh.

Nikamfunga Mmbea kwenye stendi yake, nikamsogeza mpaka mdomo wake ukagusana na sikio. Taa ya buluu ikawaka, vumbi jembamba likaanza kuanguka kwenye kitambaa chekundu. Kwanza ukasikika mvumo wa mvua, mvua ya mwaka ule inanyesha ndani ya mvua ya leo. Halafu mtu akavuta pumzi, karibu kabisa, kama yuko begani kwako.

"Jizo-sama, ni Kiyono. Ni lile lile la kila mwaka. Mchukue yeye kwanza."

Baada ya hapo mvua tena, na magoti ya mtu mzima yanalia akiinuka. Basi.

Sikuthubutu kugeuka. Nilijifanya natazama kioo cha mashine, navuruga vitufe visivyo na kazi. Mwishowe nikageuka. Alikuwa amekaa vile vile, mikono magotini, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Kila mwaka," akasema.

"Mzee wangu, neno moja halitoshi, pengine chini huko..."

"Mchukue yeye kwanza. Yeye ni nani mwingine? Tulikuwa wawili." Akatikisa kichwa polepole. "Haki yake. Haki yake kabisa. Ningekuwa yeye ningeomba hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi."

Akaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine, mahali pa kutoa ridhaa. Aliniambia atawapigia simu watu wa nyumba ya wazee mjini, kesho mchana waje na gari wamchukue. Alikuwa amekataa kuhama tangu mke wake azikwe, kwa sababu kaburi liko nyuma ya hekalu na alidhani anamlinda. "Mtu anayekuombea ufe hahitaji umkalie juu ya kaburi," akasema. "Wewe maliza kazi yako. Mimi usinisikilizishe tena chochote. Nimesikia."

Akatoka bila kufungua mwavuli. Nilitaka kumfuata. Nimfuate niseme nini?

*

Asubuhi Bi Mikage, msimamizi wangu, akapiga simu kutoka mjini. Ni mwanamke mzuri, simsemi vibaya, lakini ana haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

"Ridhaa umepata?"

"Nimepata."

"Safi sana, Sikudhani-san! Lahaja ya bonde lile hatuna hata sentensi moja. Soma mpaka kwenye mti."

Basi nikasoma. Ndiyo kazi yangu, na mzee alikuwa ameruhusu. Tabaka la pili kutoka juu lilikuwa Kiyono peke yake. Ni lile lile, mchukue yeye kwanza. La tatu, Kiyono na bibi mmoja aliyekohoa zaidi ya alivyoomba. Lililofuata, Kiyono na wawili. Nilivyozidi kushuka ndivyo watu walivyozidi kuwa wengi. Wakaanza kusikika wenye sauti changa. Mmoja aliomba mvua ikome. Mmoja aliomba mama mkwe wake aharishe, si sana, siku mbili tu. Mmoja hakuomba kitu, alilia, akamwambia Jizo samahani, akaondoka. Huko nje kulikuwa na majumba yamejaa redio zisizo na wasikilizaji, na humu ndani ya sikio moja la mti kijiji kizima kinarudi kuishi. Mimi nimekaa katikati yao na hakuna hata mmoja aliyenikaribisha. Nilijisikia mwizi aliyeingia nyumbani kwa watu wakiwa wamelala.

Na kila tabaka, Kiyono. Sauti yake ilikuwa inapungua umri. Lile lile. Lile lile. Nikaanza kumchukia, nasema kweli. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana pale hakuna wa kunielewa, "Wee mama, mume wako anakunywa chai ya kuungua na wewe umekazana tu afe afe."

Halafu nikafika kwenye tabaka ambalo hakusema ni lile lile. Lazima lilikuwa la kwanza baada ya mtoto. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani limeharibika.

"Jizo-sama, ni Kiyono, mke wa Genzo. Naoki umeshampokea. Wanasema watoto huko wanapanga mawe kando ya mto, na mashetani wakija kuyabomoa wewe unawaficha ndani ya mikono ya joho lako. Mfiche na wangu. Ni muoga wa giza. Sasa nakuomba jingine, kisha nitakuwa naomba hilo hilo, usichoke. Genzo ameketi ameutazama ukuta. Nikimwita kula anakula, nisipomwita hali. Hajui kukaa peke yake, hajawahi kujua. Nikitangulia mimi, atakaa hivyo mbele ya ukuta na hapatakuwa na wa kumwita. Kwa hiyo mchukue yeye kwanza. Upweke wa kubaki niachie mimi. Mimi nitauweza."

Nikazima mashine. Nikazima kila kitu. Nikakaa sakafuni nikalia, tena si kilio cha adabu, kile cha kamasi.

*

Sasa nikawa na tatizo, na hakuna mtu wa kuniambia nifanye nini.

Mzee alisema asisikilizishwe tena. Yule mama naye alikuja kusema siri yake kwa Jizo, tena ikazibwa kwa mikono yao wenyewe. Angetaka mumewe ajue, si walikaa meza moja miaka yote? Hakumwambia. Nani mimi wa kumwambia? Na nikimwambia, nampa nini? Namwondolea moja nampa jingine. Jana alijua kwamba mke wake alimchukia. Leo atajua kwamba mke wake alimpenda mpaka akaomba abebe yeye upweke, na akakataliwa, na mzigo ule ule aliotaka kumwondolea ndio mzee anaoubeba sasa. Kiyono alikufa anajua hivyo. Alilala pale kifua kinambana, anajua anamwacha mbele ya ukuta.

Kuna watu wangenyamaza, na siwalaumu. Niliwaza hivyo mpaka nikasikia, kule chini kwenye ngazi, mzee anaburuta sanduku.

Ndipo nikatoka mbio. Alikuwa amevaa koti lile lile, amekaa juu ya sanduku lake langoni anasubiri gari. Mgongo ameupa makaburi.

"Tadokoro-san," nikasema. "Nimemsikia tena."

"Nilikwambia..."

"Uliniambia usisikilizishwe. Hujaniambia nisikwambie. Na hata ungeniambia, nisingekutii. Hakuwa anakuchukia!"

Nikamwambia. Nilimweleza kwa maneno yangu, vibaya, nimesimama mvuani, Kijapani changu kinanikwama, nikasahau mpaka neno la ukuta ikabidi nioneshe kwa mkono. Alinisikiliza hajasogea. Nilipomaliza akasema, "Nataka nisikie alivyosema yeye."

Tukarudi. Nikamwekea asikie. Ile pumzi, ule ukimya mrefu, kisha sauti ya mke wake, changa kiasi kwamba sasa angeweza kuwa binti yake. Alipofika kwenye "hapatakuwa na wa kumwita," mzee akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na akakaa hivyo. Mabega tu yakawa yanapanda na kushuka.

Nilitoka nje nikamwacha. Gari la nyumba ya wazee likafika, dereva ni msichana mpole amevaa sare, nikamwambia mzee hayuko tayari. Akauliza atakuwa tayari lini. Nikamwambia arudi mjini, na ya kuambiwa ataambiwa.

*

Aliponiita ndani alikuwa ameshanawa uso.

"Vya mke wangu nimesikia. Vya wale wengine umesoma?"

"Baadhi. Nilipofika kwa Kiyono-san nikaacha. Chini bado vipo vingi."

"Ridhaa naiondoa. Vilivyobaki si vyangu kuvitoa. Nilitoa kwa hasira." Akanyoosha kidole kwa Mmbea. "Na vilivyomo humo ndani, vitarudi vipi?"

Nikamwambia havirudi. Tabaka lilikuwa vumbi, vumbi liko kwenye bibu la Jizo, linaonekana kwa macho. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mtu anayesema msumari hauingii.

"Mashine yako inaweza kusema?"

"Inasema, hiyo ndiyo..."

Nikaishia hapo. Ala! Akainuka, akaenda kisimani nyuma ya jiko, akarudi na kopo la utomvu alilolihifadhi huko kwenye ubaridi, limefungwa kwa karatasi ya nta. Lilikuwa la mwaka ambao Kiyono hakufika masika. Nikapiga simu kwa Bi Mikage kwanza, sikutaka kufanya kwa kujificha. Nikamwambia ridhaa imeondolewa.

"Sawa, acha kusoma," akasema. "Kilichokwisha kusomwa ni chetu. Sheria inasema hivyo."

"Najua inavyosema. Nakirudisha."

"Sikudhani-san. Ukifuta, leseni yako siwezi kuitetea. Unanielewa? Ni sauti za mwisho za watu wale. Hakuna mwingine atakayezisikia, milele."

"Hazikusemwa zisikiwe na mwingine, Bi Mikage."

Nikasikia kalamu yake inagonga meza. "Mimi sikukusikia vizuri," akasema hatimaye. "Huko milimani mtandao ni mbaya." Akakata.

Mzee Genzo alipaka sikio mwenyewe, kwa brashi ya nywele, mkono umetulia. Mimi nilishika kopo, na utomvu ule una sumu yake, mikono yangu ikaanza kuwasha kesho yake na haikuacha kuwasha siku nyingi. Nikamgeuza Mmbea, nikambana mdomo kwenye sikio bichi, nikapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono. Nikaanza kuwarudisha, kuanzia wa chini, mmoja mmoja. Mzee alikuwa ameziba masikio yake kwa viganja. Nilikuwa nikimgusa bega Kiyono akija, akashusha mikono, akamaliza akaziba tena. Yule wa mama mkwe alipita salama, na mzee hakujua, na hatajua.

Kila mmoja akishasema, nafuta. Kitufe kile sijawahi kukibonyeza kwa moyo mzito vile. La mwisho lilikuwa lile la juu kabisa, la masika yake ya mwisho, sauti ya bibi, magoti yanalia. Kidole changu kikagoma.

"Bado naweza kukuachia hili moja," nikamwambia. "Kwenye kitu kidogo tu, uwe unasikiliza jioni. Hakuna atakayejua."

Alifikiri. Nilimwona anataka. Anataka jamani, uso mzima unataka.

"Hapana," akasema. "Nitaketi nalo mbele ya ukuta."

Nikabonyeza.

Sikio lilikuwa bado bichi, linang'aa. Nikaanza kukusanya vitu vyangu nitoke, maana sasa ilikuwa zamu yake ya kunong'ona na desturi ni mtu awe peke yake. Akaniambia nibaki. "Umeshawasikia wote," akasema. "Langu halitaongeza kitu." Akapiga magoti kwa shida, akashika bega la Jizo kama mtu anayemshika rafiki sokoni, akasogeza mdomo. Katika maisha yake hakuwahi kumnong'oneza. Lilikuwa jambo la wanawake. Alianza mara mbili akakosea salamu.

"Jizo-sama, ni Genzo. Mume wa Kiyono. Alikuomba kitu, hukumpa. Sikulaumu. Mimi sina la kuomba." Akasogea karibu zaidi. "Mwambie tu ninakula. Mwambie siku hizi najiita mwenyewe."